Mhamiaji na Gazeti Lake: Wasifu wa Claudia Jones kwa Jicho la Lugha



Mwaka 1958 yalitokea mambo mawili ambayo si kawaida kutajwa pamoja. La kwanza ni kuchapishwa kwa wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anakijua. La pili ni kutoka kwa toleo la kwanza la gazeti dogo mjini London, mwezi Machi, katika ofisi iliyokuwa juu ya duka la rekodi namba 250, Brixton Road. Gazeti hilo liliitwa West Indian Gazette, na mwanzilishi wake, aliyekuwa pia mhariri, alikuwa mwanamke wa miaka 43 aliyefukuzwa Marekani, akakataliwa kisiwani alikozaliwa, na kupokelewa Uingereza kwa shingo upande. Jina lake Claudia Jones.

Pana sababu ya kumweka Siti mlangoni mwa mhadhara huu. Wasifu wake ulionyesha kwamba nathari ya Kiswahili inaweza kubeba maisha ya mwanamke asiye wa ukoo mkubwa, aliyetoka kijiji cha Fumba akahamia mjini Unguja mwaka 1911, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodiwa sauti katika sahani za santuri. Siti naye alikuwa mhamiaji, japo safari ya uhamiaji wake ilikuwa fupi, naye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa pwani kukifanya chombo kipya cha mawasiliano kuwa riziki na sauti. Utanzu wa wasifu katika Kiswahili, kwa hiyo, una mahali pa kumkaribisha Claudia Jones. Walioandika habari zake hadi sasa wameandika zaidi kwa Kiingereza, na wengi wao wameandika juu ya mwanasiasa. Mhadhara huu unamhusu mhariri.

Kabla ya kuingia katika maisha yake, hapana budi kulitazama neno lenyewe. Kitenzi -hama hueleza kuondoka mahali pa makazi. Kinapopachikwa kiambishi cha kutendea kikawa -hamia, macho hugeuka na kuelekea mahali pa kufikia. Ndiyo maana mhamaji na mhamiaji si mtu mmoja: wa kwanza hutambulishwa kwa mwendo wake, wa pili hutambulishwa na wenyeji waliomkuta akiingia. Kikitiwa usababishi huwa -hamisha, na katika kutendwa -hamishwa, na hapo anayehama si mtenda tena bali ni mtendwa. Kiambishi kimoja hubadilisha hatima ya mtu. Claudia Jones alipitia maumbo yote haya, na si kwa mfano wa darasani. Alihamishwa akiwa mtoto, akahamia kwa moyo wake wote katika siasa za nchi ya ugenini, kisha akahamishwa tena, safari hii kwa amri ya serikali.

Alizaliwa Februari 21, 1915, mtaa wa Belmont, Port of Spain, katika kisiwa cha Trinidad, akaitwa Claudia Vera Cumberbatch. Biashara ya kakao ilipoporomoka, wazazi wake walitangulia kwenda New York kutafuta maisha, na mwaka 1924 Claudia akawafuata pamoja na dada zake, akiwa hajatimiza miaka tisa. Harlem ya miaka hiyo ilikuwa imejaa watu wa visiwa vya Karibi. Baba yake alipata kuwa mhariri wa gazeti la watu wa visiwa hivyo waishio huko, hadi mdororo wa uchumi ulipomnyang'anya kazi hiyo na kumwacha akiangalia jengo la wapangaji. Wasomaji wa wasifu wake hupita haraka hapa, na hilo ni kosa. Binti huyo alikua akijua kwamba gazeti ni kitu kinachotengenezwa nyumbani na watu wa kawaida, na kwamba gazeti hufa.

Mama yake, fundi wa kushona katika kiwanda cha nguo, alifariki mwaka 1927 kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na umri wa miaka 37. Claudia mwenyewe mwaka 1932 alipatwa na kifua kikuu, akalazwa karibu mwaka mzima. Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1935 lakini hakuhudhuria sherehe za kuhitimu, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na fedha za kununua vazi la siku hiyo. Baada ya hapo alifanya kazi katika dobi, kiwandani, na katika duka la kofia. Mapafu yaliyoharibika na moyo uliodhoofika vilimwandama hadi kifo, na haifai kuvisahau pale matendo yake yanapohesabiwa: kila toleo la gazeti lililotajwa katika mhadhara huu lilitolewa na mgonjwa.

Mwaka 1936 alijiunga na umoja wa vijana wa chama cha Kikomunisti, akivutiwa na utetezi wa vijana tisa weusi wa Scottsboro, Alabama, waliosingiziwa kuwabaka wanawake wawili wazungu. Katika miaka hiyohiyo alianza kutumia jina la Jones. Jina hilo lilikuwa ngao: Cumberbatch wangeweza kuhesabika Harlem, Jones ni wengi kama Juma na Ali. Kwa mwanaisimu jambo hili lina uzito wake. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la kawaida ndiye aliyekuja kutumia miaka yake ya mwisho kuwatafutia watu wengine jina la pamoja ambalo wangelitaja bila kujificha.

Ujuzi wake wa uhariri ulijengwa hatua kwa hatua. Aliandika safu iliyoitwa Claudia's Comments, akafanya kazi katika Daily Worker, akahariri Weekly Review, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akahariri jarida la vijana la Spotlight. Mwaka 1949 alichapisha makala ndefu katika Political Affairs kuhusu kupuuzwa kwa matatizo ya mwanamke mweusi. Humo alishikilia kwamba mwanamke huyo hunyonywa mara tatu kwa mpigo, kama mfanyakazi, kama mtu mweusi na kama mwanamke, na kwamba haiwezekani kulishughulikia moja na kuyaacha mengine yangoje zamu yake. Aliwasuta hata wanaharakati wa upande wake waliohubiri usawa mkutanini na kurudi nyumbani kuwatendea watumishi wao weusi kama bibi anavyomtendea kijakazi. Dhana hiyo leo hufundishwa katika vyuo vikuu vingi kwa istilahi nyingine, mara nyingi pasipo kutaja kwamba iliwahi kuandikwa na mhariri wa gazeti aliyeishia sekondari.

Serikali ya Marekani ilikuwa ikimsoma kwa makini kuliko wengi wa wenzake. Alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1948. Ombi lake la uraia, alilolianzisha mwaka 1938, lilikuwa limekataliwa, na kwa sababu hiyo maneno yake yalikuwa na bei ambayo maneno ya raia hayakuwa nayo. Mwaka 1951 alikamatwa tena pamoja na viongozi wenzake kwa mujibu wa Sheria ya Smith, na miongoni mwa vitendo vilivyotajwa katika hati ya mashtaka ilikuwa makala yake kuhusu wanawake na amani, iliyotokana na hotuba ya Siku ya Wanawake Duniani ya mwaka 1950. Alihukumiwa mwaka 1953 kifungo cha mwaka mmoja na siku moja pamoja na faini ya dola 200. Alikitumikia mwaka 1955 katika gereza la wanawake la Alderson, West Virginia, na Desemba mwaka huo akapandishwa meli kwenda Uingereza. Serikali ya kikoloni ya Trinidad haikumtaka arudi. Uingereza ilimpokea kwa kuwa, kisheria, mzaliwa wa koloni alikuwa raia wa dola.

London aliyoifikia ilikuwa imeanza kubadilika. Tangu meli ya Empire Windrush ilipotia nanga Juni 1948, watu wa Jamaika, Barbados, Trinidad, Guyana na visiwa vidogo walikuwa wakiingia kwa maelfu kufanya kazi katika mabasi, treni, hospitali na viwanda. Walikuwa raia kwa pasipoti, na wageni mlangoni mwa kila nyumba iliyokuwa na chumba cha kupangisha. Inafaa kukumbuka pia kwamba Juni 1957 BBC ilikuwa imeanza kutangaza kwa Kiswahili kutoka mji huohuo. Sauti ya Kiswahili ilipanda hewani London kwa fedha za dola, ikienda Afrika Mashariki kuwazungumzisha watu kwao. Waafrika na Wakaribi waliokuwa wakitembea katika mitaa ya London yenyewe hawakuwa na chombo cha kuwazungumzisha wao. Palikuwa na majarida ya awali, na itakuwa si haki kudai, kama inavyodaiwa mara nyingi, kwamba Gazette lilikuwa la kwanza kabisa: jarida la The Keys lilitolewa tangu mwaka 1933, na Caribbean News lilikuwapo katika miaka ya 1950. Lakini yote yalikuwa sauti za vyama. Gazette lilikusudia kuuzwa kwa dereva wa basi, kinyozi na muuguzi.

Hapa ndipo linapojitokeza neno mjasiriamali, neno changa katika Kiswahili lililoundwa kwa kuunganisha jasiri na mali. Muundo wake unapendekeza mtu anayethubutu na mtaji wake. Claudia Jones alikuwa na nusu ya neno hilo. Mali hakuwa nayo. Gazeti lilikuwa la kila mwezi, lakini miezi mingine lilichelewa au halikutoka, kwa kuwa mpiga chapa hakuwa amelipwa. Mapato yalitokana na mauzo ya mkononi, matangazo ya wafanyabiashara wadogo na michango ya marafiki. Amy Ashwood Garvey, mke wa kwanza wa Marcus Garvey, alikuwa katika bodi ya uhariri. Mwaka 1960 mwimbaji Paul Robeson alijitolea kuimba katika tamasha la kulichangia gazeti fedha. Abhimanyu Manchanda, mkomunisti mzaliwa wa India aliyekuwa mwenzi wa Claudia, alishughulikia uendeshaji. Waandishi walikuwa watu kama Donald Hinds, Mjamaika aliyekuwa kondakta wa basi, aliyeandika baada ya zamu yake na baadaye kuchapisha kitabu kuhusu maisha ya wahamiaji. Pamoja na uhaba huo wote, usambazaji ulifikia kilele cha nakala 15,000. Idadi hiyo haitoshi kupima usomaji, kwa sababu gazeti la aina hiyo hupita mikononi mwa watu wengi, kama vile Mambo Leo lilivyosomwa kwa sauti barazani kwa wasiojua kusoma.

Wahasibu wangelihukumu gazeti hilo kuwa biashara iliyoshindwa. Hukumu hiyo ni sahihi kwa daftari la fedha, na haina la kusema juu ya kazi iliyofanywa. Gazette lilizalisha kitu ambacho hakikuwapo kabla yake kwa kiwango hicho: wasomaji waliojiona kuwa kundi moja.

Suala hili linahitaji kutazamwa kwa undani, kwa kuwa ni suala la lugha. Jina West Indian ni tabu kulitafsiri. Ukilifuata neno kwa neno utapata Wahindi wa Magharibi, na msomaji wa Kiswahili, ambaye kwake Mhindi ni jirani wa duka la pili, atapotoka papo hapo. Hata kwa wenyewe jina hilo lilikuwa na dosari, kwa kuwa lilitokana na kosa la baharia aliyedhani amefika India. Aidha, huko visiwani halikuwa jina la kila siku. Mtu alikuwa Mjamaika, Mtrinidad au Mbarbados, na visiwa vilitaniana na kudharauliana kama ilivyo desturi ya watu wa bandari. Shirikisho la visiwa hivyo, lililoundwa mwezi Januari mwaka huohuo wa 1958, lilivunjika mwaka 1962 kwa sababu visiwa havikuelewana. Lakini London mwenye nyumba hakuuliza mpangaji ametoka kisiwa gani kabla ya kumfungia mlango. Umoja ulioshindikana nyumbani kwa mikataba ulijitengeneza ugenini kwa lazima, na gazeti likaupa jina kwenye ukurasa wa mbele.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu hali hii. Neno Mswahili nalo limepata maana zake nyingi kwa watu kukutana mjini na barabarani, mbali na ukoo, na ni nadra mtu kujiita hivyo akiwa kijijini kwao. Pana mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1937 Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyehamia Dar es Salaam na kufungua duka, alianzisha gazeti la Kiswahili akaliita Kwetu. Jina hilo lina ajabu ya kisarufi na ya kihistoria. Kisarufi, ni kimilikishi cha mahali kisicho na nomino, na hata mtu mmoja akizungumza peke yake husema kwetu Tanga, kwetu Pemba, kwa wingi, maana nyumbani hakumilikiwi na mtu mmoja. Kihistoria, aliyelichagua hakuwa mzaliwa wa mahali hapo. Mganda aliwaambia wasomaji wa Tanganyika kwamba hapa ni kwetu, na wao wakamsoma. Gazeti lake nalo lilisumbuliwa na ukata, likatoweka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Fiah na Jones walifanana katika jambo moja ambalo huenda ni hulka ya magazeti ya wahamiaji popote pale: aliyehama huona mipaka ya kikundi upya, kwa sababu hakurithishwa ile ya wenyeji.

Tofauti yao ni ya lugha. Fiah aliandika katika lugha iliyokuwa ya kujifunza kwake na ya wengi wa wasomaji wake, na usawa huo ulimsaidia. Tahariri za Jones ziliandikwa kwa Kiingereza sanifu, wakati wasomaji wake wakizungumza nyumbani krioli za visiwa vyao. Wapo wanaoliona hilo kuwa upungufu. Lakini mwaka 1958 krioli hizo zilichekwa shuleni na kazini, na mhariri aliyetaka hoja yake ijibiwe na mawaziri hakuwa na njia nyingine iliyo wazi. Lugha ya watu wenyewe aliitafutia mlango wa pili, nao ulikuwa ngoma.

Agosti 1958, miezi mitano tu baada ya toleo la kwanza, vijana wa kizungu walizivamia nyumba za weusi katika eneo la Notting Hill kwa siku kadhaa mfululizo. Fujo kama hizo zilikuwa zimetangulia Nottingham. Gazeti lililokuwa bado changa likageuka kuwa mahali pa watu kukimbilia: waliotaka wakili, waliotaka kueleza yaliyowapata, wageni wa serikali za visiwani waliokuja kuona. Ofisi yenyewe ililengwa kwa vitisho. Jibu la Jones liliwashangaza hata baadhi ya wafuasi wake. Aliitisha kanivali.

Tarehe 30 Januari 1959, katikati ya majira ya baridi, katika ukumbi wa St Pancras Town Hall, gazeti liliandaa kanivali ya Kikaribi chini ya uongozi wa kisanaa wa Edric Connor. Mighty Terror aliimba kalipso, Cleo Laine alikuwapo, kikundi cha Boscoe Holder kilicheza, wasichana wakashindana kwa urembo katika nchi ambayo haikuwa na mashindano ambamo msichana mweusi angeweza kutarajia kushinda. Televisheni ya BBC ilirusha tukio hilo. Sehemu ya mapato ilitengwa kuwalipia faini vijana waliohukumiwa kutokana na matukio ya Notting Hill, weusi na wazungu. Katika kijitabu cha usiku huo Jones alieleza imani yake kwamba uhuru wa watu huchipuka katika sanaa yao. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki jambo hili halihitaji maelezo marefu. Beni, taarabu na vyama vya ngoma vya Lamu, Mombasa na Dar es Salaam vilikuwa kwa miongo mingi shule za uongozi, mifuko ya maziko na vyombo vya habari kwa wakati mmoja. Wimbo ulipeleka habari ambayo karatasi isingethubutu. Katika ukumbi ule krioli iliyokosa nafasi katika tahariri ilisimama mbele ya kipaza sauti na kusikika taifa zima.

Kanivali hiyo ya ukumbini iliendelea kila mwaka hadi 1964. Leo pana ubishi wa nani hasa ni mama wa kanivali kubwa ya mitaani ya Notting Hill: Claudia Jones, au Rhaune Laslett, mfanyakazi wa jamii aliyeandaa tamasha la mtaani lililoanza mwaka 1966. Ubishi huu umechukua wino mwingi kuliko unavyostahili. Laslett ndiye aliyeitoa sherehe barabarani. Jones ndiye aliyeonyesha kwamba inaweza kufanyika London na kwamba ina maana ya kisiasa. Mto una vijito zaidi ya kimoja.

Mei 1959 seremala kutoka Antigua, Kelso Cochrane, alichomwa kisu akafa akitembea usiku karibu na Notting Hill. Gazeti lilikuwa miongoni mwa waliodai wauaji watafutwe, na hakuna aliyepatikana na hatia. Wakati huohuo kurasa zake zilikuwa zikipanuka. Ziliandika habari za Afrika Kusini, za mauaji ya Lumumba mwaka 1961, za makoloni yaliyokuwa yakipata uhuru, na jina nalo likarefuka: West Indian Gazette and Afro-Asian Caribbean News. Kwa mtazamo wa biashara jina hilo ni zito, gumu kutamkwa na muuza magazeti. Lakini ni jina linaloeleza mwendo wa mawazo ya mhariri. Neno sisi la tahariri zake lilianza na visiwa, likawajumuisha Waafrika, kisha Wahindi na Wapakistani waliokuwa wakifungiwa milango ileile. Kiswahili, kama Kiingereza, hakina viambishi viwili vya nafsi ya kwanza wingi, kimoja cha kumjumuisha msikilizaji na kingine cha kumweka nje. Kila anayetamka sisi analazimika kuonyesha kwa matendo nani yumo. Jones alionyesha kwa kichwa cha gazeti.

Upanuzi huo ulimgharimu. Baadhi ya wasomaji walitaka habari za kriketi na za nyumbani, na siasa za Asia ziliwachosha. Baadhi ya wakomunisti wa Kiingereza, kwa upande mwingine, hawakuwahi kumpa nafasi inayolingana na uzoefu aliotoka nao New York, na gazeti lake waliliona kuwa jambo la pembeni. Alikuwa mhamiaji hata ndani ya chama chake.

Vita vikubwa vya gazeti vilikuwa dhidi ya mswada uliokuja kuwa Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya mwaka 1962. Sheria hiyo iliondoa haki ya raia wa makoloni na nchi za Jumuiya kuingia Uingereza bila kizuizi, ikaweka mfumo wa vibali vya kazi. Jones alishikilia tangu mwanzo kwamba sheria hiyo, ijapokuwa haikutaja rangi katika vifungu vyake, ililenga rangi, kwa kuwa Waairish waliachwa waingie kama kawaida. Mswada ulipita. Gazeti liliendelea. Agosti 1963 Jones alishiriki kuongoza maandamano hadi ubalozi wa Marekani jijini London kuunga mkono maandamano ya Washington, na mwaka 1964 alisafiri hadi Japani na China.

Alifariki usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1964, akiwa peke yake chumbani, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na umri wa miaka 49. Alizikwa Januari 1965 katika makaburi ya Highgate, ubavuni mwa kaburi la Karl Marx. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi mwaka 1984. Heshima nyingine zilifuata polepole: stempu ya posta ya Uingereza mwaka 2008, na mwaka 2023 kibao cha buluu katika nyumba aliyopata kuishi, kusini mwa London. Katika uandishi, Buzz Johnson alitangulia mwaka 1985, Marika Sherwood akafuata mwaka 1999, kisha Carole Boyce Davies, ambaye kazi yake ndiyo iliyomrejesha kwa nguvu katika mijadala ya vyuo vikuu.

Gazeti lilimfuata upesi. Manchanda na wenzake walijaribu kuliendeleza kwa matoleo machache, na mwaka 1965 likasimama. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kukusanya kwa pamoja tangazo la kinyozi, makala ya mwanadiplomasia, deni la mpiga chapa na ahadi ya mwimbaji, yote kwenye meza moja.

Miaka mitatu baadaye, mapema mwaka 1968, maelfu ya Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walianza kuondoka Nairobi, Mombasa na Kisumu, baada ya sheria mpya za Kenya kuwabana wasio raia katika ajira na biashara. Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache sheria nyingine ya wahamiaji, iliyomtaka mwenye pasipoti aonyeshe kwamba yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake, alizaliwa Uingereza au alipata uraia wake huko. Ilikuwa ni ile ya mwaka 1962 iliyokazwa, na ilithibitisha hoja ya Jones kuhusu rangi waziwazi kuliko alivyowahi kuithibitisha mwenyewe. Waliofanikiwa kuingia walishuka katika uwanja wa ndege wa Heathrow wakizungumza Kigujarati, Kipunjabi, Kiingereza, na Kiswahili cha dukani na cha jikoni. Gazeti lililokuwa limewaandikia mahali kwenye kichwa chake, Waafrika na Waasia katika mstari mmoja, lilikuwa limekwisha kufungwa, na ofisi ya juu ya duka la rekodi haikuwa na mhariri wa kuwapokea.